Ujue Petroli ya Gari Lako, Nyumbani na Ugenini



Somo letu la leo ni juu ya petroli. Labda utasema, "Mimi sina gari, petroli yanihusu nini?" Ngoja kwanza. Mahindi yako hayaendi sokoni kwa miguu. Mgonjwa akizidiwa usiku, tunamwita kijana wa bodaboda. Pengine kijana huyo ni mwanao. Petroli mbaya ikiingia katika chombo chake, hasara itabisha hodi kwako pia.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa hasara. Kikundi chetu cha wakulima kilichanga fedha kwa misimu mitatu, tukanunua pikapu iliyotumika, iliyotoka Japani. Injini yake ni ya petroli. Siku moja dereva wetu aliugua malaria. Tukamwomba kijana mwingine, aliyezoea kuendesha lori, atupelekee matenga 40 ya nyanya sokoni. Njiani mafuta yakapungua. Akasimama penye kituo kimoja kidogo. Umeme ulikuwa umekatika na pampu hazifanyi kazi, lakini mhudumu alikuwa na mafuta kwenye madumu.

"Kaka, nipe lita 20."

"Dizeli au petroli?"

"Dizeli, kaka."

Alijibu bila kufikiri. Mdomo wake ulizoea kusema hivyo kila siku kwa ajili ya lori. Wakamimina kwa chupa iliyokatwa kitako. Hawakufika kilometa tano. Gari likakohoa, likafuka moshi mzito, likazima. Nyanya zililala juani siku mbili. Matenga 11 kati ya yale 40 yalikuwa ya mama mmoja mjane, na fedha zake zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi: sare na madaftari ya watoto wawili. Kikundi kilimlipa nusu tu, maana nusu nyingine ilikwenda kwa fundi. Hata leo tukikutana naye kisimani tunaangalia chini.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Nyuma ya kile kimlango cha tangi palikuwa na karatasi ya maandishi. Yalikuwa maandishi ya Kijapani. Gari lile tuliliosha kila Jumamosi, tukaipangusa karatasi ile vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza imeandikwa nini.

MAFUTA MATATU, MAMA MMOJA

Petroli, mafuta ya taa na dizeli hutoka katika mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Kiwandani mafuta ghafi hupashwa moto mpaka yakageuka mvuke, kisha mvuke hupozwa. Wanaojua kupika gongo wataelewa upesi, ingawa hatuwaombi waendelee. Vitu vyepesi hupanda juu, na humo ndimo inamotoka petroli. Mafuta ya taa hutoka chini yake. Dizeli ni nzito zaidi.

Ndiyo maana injini hizi haziwezi kuazimana chakula. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Yenyewe hukandamiza hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha dizeli hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Ukitaka kuamini kwamba hewa iliyokandamizwa hupata joto, jaza upepo tairi la baiskeli, halafu shika ule mwisho wa pampu.

Basi ukitia dizeli katika gari la petroli, cheche haiwezi kuiwasha sawasawa. Ukitia petroli katika gari la dizeli ni vibaya zaidi. Dizeli hulainisha pampu ya kusukumia mafuta. Petroli huosha ule ulaini, na vyuma husagana. Kosa likitokea, usiwashe gari. Hata ufunguo usiuzungushe. Lisukumeni pembeni, mwite fundi alimwage tangi lote. Mafuta yakiwa bado tangini, utalipia kumwaga na kusafisha tu. Yakishafika ndani ya injini, gharama inakuwa nyingine kabisa. Muulize mweka hazina wetu.

NAMBA YA OKTANI

Sasa tusome namba. Kwenye pampu nyingine utaona 91, au 93, au 95. Hiyo huitwa namba ya oktani. Watu wengi hudhani namba kubwa ni petroli yenye nguvu zaidi. Siyo hivyo.

Fikirini kinamama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja hushusha mchi kwa zamu yake, na kazi inakwenda. Mmoja akishusha kabla ya zamu, michi hugongana, na mikono inauma. Ndani ya injini ni hivyo hivyo. Pistoni hupanda ikikandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa. Plagi hutoa cheche, na moto hutakiwa kuenea kwa utaratibu. Lakini petroli ya oktani ndogo, ikibanwa sana, hupata joto na kuwaka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Mioto miwili hugongana. Utasikia injini ikilia ka-ka-ka, hasa ikipanda mlima na mzigo. Mafundi husema injini "inagonga". Ikiachwa igonge muda mrefu, pistoni yaweza hata kutoboka.

Kwa hiyo oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa. Injini inayokandamiza sana, kama nyingi zenye taabo, huhitaji namba kubwa. Injini ya kawaida haihitaji. Ukiinunulia petroli ya bei ya juu isiyoihitaji, ni kama kuifunga baiskeli kengele mbili. Fedha imetoka, mwendo ni ule ule.

Utajuaje gari lako linataka namba ipi? Soma kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, soma ndani ya kimlango cha tangi. Hapa ndipo tunaporudi Japani, kwa sababu magari mengi ya watu wa kawaida nchini mwetu yalitumika huko kwanza. Japani huuza petroli za aina mbili. Ya kawaida Wajapani huiita regyura, na sheria yao ya viwango hutaka oktani isipungue 89. Ya juu huiita haioku, isipungue 96. Dizeli huiita keiyu. Neno hilo, ukilichambua, maana yake ni mafuta mepesi! Mtu akikutafsiria neno kwa neno anaweza kukupoteza. Peleka karatasi yako kwa fundi anayeyajua maandishi hayo, akuandikie kwa Kiswahili, kisha ubandike hapo hapo kwa herufi kubwa: PETROLI TU, au DIZELI TU. Sisi tumeandika kwa rangi nyekundu. Haipendezi sana, lakini inasomeka.

Wale wenye magari yaliyotoka Marekani wasiogope wakiona 87. Wamarekani wana hesabu yao. Petroli hupimwa oktani kwa njia mbili, moja ya upole na moja ya kuisumbua zaidi, na kila njia hutoa namba yake. Sisi, pamoja na Ulaya na Japani, huandika namba ya ile njia ya upole. Wamarekani hujumlisha zote mbili na kugawa kwa 2. Tuseme njia ya kwanza imetoa 92 na ya pili 82. Jumla ni 174. Gawa kwa 2, unapata 87. Kumbe 87 yao ni kama 91 au 92 yetu. Petroli ni ile ile, vipimo ndivyo tofauti. Ndugu zetu walioko Oman huona 91 na 95 kwenye pampu za huko, na hizo husomwa kama zetu.

UKIVUKA MPAKA

Ugenini jihadhari na majina kabla ya namba. Madereva wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji hukuta maneno mawili ya Kireno yanayofanana kama mapacha. Gasolina ni petroli. Gasóleo ni dizeli. Ukisoma herufi nne za mwanzo tu na kuacha zilizobaki, umekwisha. Burundi na Kongo hutumia maneno ya Kifaransa: essence ni petroli, na gasoil au mazout ni dizeli. Ujerumani petroli ni Benzin. Marekani watu husema "gas", na wana maana ya petroli, siyo gesi ya mtungi.

Rangi nazo zisikudanganye. Uingereza mpira wa kijani hutoa petroli na mweusi hutoa dizeli. Japani kijani ni dizeli, nyekundu ni petroli ya kawaida, na njano ni ile ya juu. Marekani vituo vingi huweka kijani kwa dizeli. Mtu aliyezoea rangi ya kwao anaweza kuharibu gari huku akitabasamu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona tatizo la madereva wanaovuka mipaka, zikaanza kuweka alama moja tangu Oktoba 2018: duara kwa petroli, mraba kwa dizeli. Tunaona huo ni msaada mzuri.

Ndani ya lile duara huandikwa E5 au E10. Herufi E ni ethanoli, yaani pombe kali inayotengenezwa kwa miwa, mahindi na mazao mengine. E10 ina maana katika lita 100 za mafuta, ethanoli inaweza kufika lita 10. Uingereza ilifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021. Lakini jambo hili halikuanzia Ulaya. Brazili ilianzisha mpango mkubwa wa ethanoli ya miwa mwaka 1975, na tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida ya huko huchanganywa na ethanoli asilimia 30. Jirani zetu wa Malawi walianza kuchanganya mwaka 1982, kwa ethanoli iliyotokana na molasi ya kiwanda cha sukari huko Dwangwa. Malawi haina bahari, na kila lita ya petroli hutoka mbali. Kutumia mabaki ya sukari yao wenyewe lilikuwa wazo la watu wenye akili. Zimbabwe nayo ilifanya kuchanganya kuwa lazima mwaka 2013, na kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka.

Je, ethanoli inafaa kwa gari lako? Magari mengi ya miaka hii hustahimili E10. Magari ya zamani yenye kabureta yana shida, maana ethanoli hula mipira na gundi za aina fulani, na huvuta maji kutoka hewani. Tena ethanoli ina joto pungufu, kwa hiyo tangi la E10 litakupeleka mbali kidogo pungufu, kama kilometa 3 katika kila 100. Ukienda na gari la zamani nchi yenye ethanoli nyingi, jaza kidogo kidogo, usiiache petroli hiyo tangini kwa miezi, na kagua mipira ya mafuta kabla na baada ya safari.

HABARI YA RISASI

Wazee husema petroli ya zamani ilikuwa bora. Kuna sababu. Mwaka 1921 huko Marekani Thomas Midgley aligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi huongeza oktani na kuzuia injini kugonga. Dunia nzima ikaitumia. Lakini risasi ile ilitoka kwenye bomba la moshi ikaingia vifuani mwa watu. Risasi ni sumu, na hudhuru hasa ubongo wa mtoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiacha, na kuanzia Januari 2006 petroli ya risasi ikawa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu sana akiambiwa na fundi kwamba vikalio vya valvu vinaliwa upesi siku hizi, asidhani anadanganywa. Risasi ilivilinda. Dawa yake ni kuweka vikalio vya chuma kigumu. Haiwezekani kuwalisha watoto sumu kwa ajili ya valvu.

PETROLI ILIYOCHAKACHULIWA

Neno hili, kuchakachua, sote tunalijua. Maana yake ni kuchanganya kitu kizuri na hafifu ili kumdanganya mnunuzi. Kwa petroli, kilichotumika sana ni mafuta ya taa, kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Mafuta ya taa yana oktani ndogo, basi injini hugonga. Hayageuki mvuke upesi, hivyo mengine hubaki bila kuungua, huteremka chini na kuchuja oili mpaka inakuwa kama maji. Mwaka 2010 mamlaka ya EWURA nchini Tanzania ilianza mpango wa kutia vinasaba katika mafuta, ili yanayochanganywa yagunduliwe. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchakachua ipungue. Kenya ilifanya kama hivyo mwaka 2018, ikaongeza shilingi 18 kwa lita. Hatua hizi zilisaidia magari. Lakini tuseme kweli: aliyechakachua alikuwa na tangi mjini, na aliyelipa ni bibi wa kijijini mwenye koroboi.

Nyumbani unaweza kupima kwa njia mbili rahisi. Kwanza fanya kivulini, mbali na jiko, sigara na simu inayochajiwa. Tia petroli kidogo katika chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utauona mstari. Kisha dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka kwa dakika chache, haiachi alama ya mafuta. Kama karatasi imebaki na doa la mafuta kama iliyofungiwa maandazi, ndani yake mna mafuta ya taa au dizeli. Njia hizi hazioni kila udanganyifu, lakini ule mkubwa huonekana.

Kituoni, shuka garini. Soma pampu. Kwenye malori ya mafuta na matangi utaona herufi: PMS ni petroli, AGO ni dizeli, IK ni mafuta ya taa. Tazama namba za pampu zianzie sifuri. Chukua risiti yenye tarehe, aina ya mafuta na lita. Gari likiharibika, karatasi hiyo ndiyo mdomo wako. Nchini Tanzania bei ya juu kabisa hutangazwa kila mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa kila wilaya. Isome, au msomee jirani asiyeona vizuri.

Petroli ya chupa tunayouziwa barabarani huku vijijini tunaielewa sababu yake. Kituo kiko mbali. Lakini haina risiti, na haina kipimo. Hukaa juani kwenye plastiki, sehemu zake nyepesi zikapotea. Tena ni hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji, huweza kufika jikoni chumba cha pili na kurudi na moto. Usiiweke ndani ya nyumba wanamolala watu. Usiivute kwa mdomo kwa mpira. Tone likiingia mapafuni linaweza kuua. Na petroli ya lori lililopinduka siyo petroli ya kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Morogoro. Watu walikwenda na madumu. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa.

ZOEZI

Fanyeni hesabu hizi kwa daftari, kisha mlinganishe majibu kikundini.

1. Tangi lina lita 45 za E10. Ethanoli inaweza kufika lita ngapi?

2. Pampu ya Marekani: njia ya kwanza ya kupima ilitoa 98, ya pili 88. Wataandika namba gani?

3. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Kijana anauza chupa anayoiita ya lita moja na nusu kwa shilingi 4,500. Ukiipima ina lita 1.3. Amekupunja shilingi ngapi? Ukinunua chupa hiyo mara 20 kwa mwezi, je?

4. Tafuta gari au pikipiki iliyo karibu nawe. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Soma kila kilichoandikwa kwenye kifuniko cha tangi na kimlango chake, ukinakili kama kilivyo, hata kama ni lugha usiyoijua, uje nacho darasani.